Manyoya ya Taifa

Nchi ninayoisimulia ipo. Ina bendera, ina wimbo, na ina foleni ndefu mbele ya kila ofisi, kwa hiyo msomaji asinisumbue kuniuliza iko upande gani. Mimi ni karani daraja la tatu katika Wizara ya Mambo ya Sungura, na haya nayaandika kwa nia njema kabisa. Nimechoka kuwasikia watu vibarazani wakizua maneno kuhusu jambo ambalo serikali imeshalieleza vizuri mara nne, kila mara kwa namna tofauti.

Mambo yalianza Mkubwa Wetu alipokwenda ziara ya nje. Mkubwa Wetu ndiye kiongozi wa nchi; jina lake halisi tumelipumzisha, maana lilikuwa limetumika sana. Huko ziarani mke wa mwenyeji wake alikuwa amempakata sungura mdogo, wa kilo moja na nusu hivi, mwenye manyoya marefu laini yaliyomfunika mpaka macho. Mkutano ulihusu ukame. Mkubwa Wetu hakumwangalia msemaji hata mmoja, alimtazama sungura tu. Aliporudi, waandishi wa habari wakamwuliza amejifunza nini, naye akasema kwamba kule kuna mnyama mpole sana, hasumbuliwi na mtu, anakaa tu. Kisha akashusha pumzi, akaingia garini.

Kwingine maneno hayo yangeishia hapo. Kwetu, Mkubwa akipiga chafya kuna mtu anaandika. Siku ya tatu ikaundwa Wizara ya Mambo ya Sungura, na waziri wake akateuliwa Profesa Shomvi, bingwa wa madaraja ambaye daraja lake moja limesimama kabisa, ingawa mto uko upande mwingine. Sisi makarani arobaini tukahamishwa kutoka Wizara ya Maji. Hatukuaga mtu, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa yameshatutangulia kuondoka.

*

Kamati ya Uteuzi wa Sungura ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, nami nikaenda nayo ng'ambo kuandika kumbukumbu. Mfugaji wa huko alikuwa mzee mmoja wa ovaroli, mikono yake ina mikwaruzo, mtu asiyejua itifaki hata kidogo. Alituwekea sungura watano juu ya meza, akaanza kutufundisha kupitia mkalimani. Alisema tuchague mwenye macho maangavu na pua kavu, meno yake yakutane vizuri, na nyuma awe msafi. Zaidi ya yote, alisema, tuchague yule anayekuja mwenyewe kunusa mkono wa mtu. Sungura wa manyoya marefu ni kazi, akaongeza. Asiyekuwa na muda wa kumchana mara mbili kwa wiki afuge samaki.

Profesa Shomvi alimshukuru, akamwambia kwamba sisi tuna vigezo vyetu. Kisha akatoa miwani mfukoni, akasoma hotuba ya salamu. Hotuba ilikuwa ya dakika arobaini. Kufika ukurasa wa pili, sungura watatu walikuwa wamesharuka mezani na kujificha chini ya toroli. Ukurasa wa tano, yule wa nne alimgeuzia waziri mgongo, akainua mkia, jambo ambalo nililiandika kama utovu wa nidhamu. Wa tano hakutikisa hata sikio. Alikaa vilevile alivyowekwa, mpaka "asanteni kwa kunisikiliza."

"Huyu ndiye raia," akasema Profesa, na sauti yake ilitetemeka kidogo.

Mfugaji aliingilia kati. Kwa ufahamu wangu alikuwa akisema kwamba huyo wa tano hatikisiki kwa sababu ni mgonjwa, kwamba chini ya yale manyoya ana mafundo yanayomvuta ngozi, na kwamba tangu jana hajala vizuri. Mkalimani aliyatafsiri hayo yote, Profesa akamwomba apunguze kutafsiri. Kura zikapigwa, tukapata kumi na moja kwa sifuri. Mjumbe mmoja alikuwa amesinzia, lakini kura yake ilihesabiwa upande wa kukubali, maana naye hakuwa ametikisika.

*

Uwanja wa ndege sungura alipokelewa kwa brasbendi, na kabla hajafika mjini alikuwa ameshapewa cheo kikubwa kuliko changu. Jina lake rasmi likawa Mtulivu wa Kwanza. Wiki hiyohiyo ikapita Sheria ya Manyoya, nami nainakili hapa kwa kifupi, maana najua wengi wenu mnaivunja bila kujua. Manyoya ya Mtulivu wa Kwanza ni mali ya umma. Haruhusiwi mtu kuyakata, kuyavuta, kuyachana wala kuyapunguza bila kibali cha Kamati ya Kuondosha Mali. Kamati hiyo ilikuwa bado haijaundwa, kwa kuwa wajumbe wake hupendekezwa na kamati yenyewe. Kitana kikaingizwa kwenye orodha ya silaha, kifungu cha vitu vyenye meno.

Alijengewa kibanda cha vioo katikati ya bustani ya Ikulu, pasipo na mti hata mmoja, ili jua limwangaze na wananchi wamwone. Wakaanza kumiminika waheshimiwa. Sasa, kwetu sisi mtu hamtembelei mkubwa mikono mitupu, hilo hata mtoto analijua. Aliyekuja na keki alikuja na keki, aliyekuja na halua alikuja na halua, na Mkuu wa Mkoa wa Kusini alikuja na soda ya machungwa, akammiminia kwenye kisosi huku akipigwa picha. Kila Ijumaa Mtulivu wa Kwanza aliogeshwa kwa maji ya waridi, akakaushwa kwa kupepewa na wajumbe wawili wa Bunge. Tulimpenda, jamani. Sijawahi kuona nchi ikimpenda mtu hivyo.

Lakini yeye hakuonyesha shukrani. Alikuwa akikaa na kichwa chini, hataki kula. Mlezi wake wa kwanza, kanali mstaafu, alifungwa kwa kosa la kumhuzunisha. Mlezi wa pili alikuwa daktari wa mifugo, kijana msomi ila hana busara. Aliandika barua rasmi kwamba mgeni wa serikali anahitaji kula nyasi kavu. Alifungwa kwa kumkashifu. Mlezi wa tatu aliposikia ameteuliwa alitoroka kupitia dirisha la msalani, na mpaka leo hatujui alikoelekea.

Zikabaki siku kumi na mbili tufike Sikukuu ya Utulivu, ambapo Mtulivu wa Kwanza alitakiwa kukaa juu ya mto wa mahameli kando ya Mkubwa Wetu, mbele ya taifa zima.

*

Hapo ndipo alipotafutwa Bi. Sikudhani. Alikuwa mjane wa makamo, mfuga sungura wa miaka thelathini nyuma ya soko la Kwamtipula, mwenye magoti mabovu na mdomo usio na breki. Aliyekwenda kumchukua alikuwa Bwana Mwinyipembe, Mkuu wa Itifaki, mtu mrefu mnyoofu ambaye hata akila muwa hutumia kisu na uma. Mimi nilibeba fomu.

Bwana Mwinyipembe alimweleza kwa ufasaha. Sungura akifika Sikukuu akiwa hai, mama atapewa cheti na kurudi kwake. Asipofika hai, mama atawafuata wale walezi wawili waliotangulia, na kifungo chao hakijaandikwa mwisho. Bi. Sikudhani aliuliza kama anaweza kukataa. Bwana Mwinyipembe akaitazama fomu mbele na nyuma, akamwambia kwa masikitiko kwamba hakuna nafasi ya kuandika hivyo.

"Na hawa wangu arobaini nimwachie nani?" akauliza mama, akionyesha mabanda yake.

"Serikali itawaangalia."

"Hapo ndipo unaponitisha, mwanangu," akasema, akaenda kumwita jirani.

Alipofika kwenye kibanda cha vioo hakupiga goti wala hakusalimia cheo. Alivua viatu, akaketi sakafuni, akaingiza vidole chini ya manyoya ya Mtulivu wa Kwanza taratibu, mpaka kwenye ngozi. Profesa Shomvi alikuwapo, na wajumbe wengine sita, wote wakashika vifua. Mama alipapasa mpaka tumboni. Halafu akauliza swali ambalo sikuthubutu kuliingiza kwenye kumbukumbu kama lilivyo. Aliuliza kama anakunya.

Profesa alimjibu kwamba wizara haijapokea taarifa ya aina hiyo. Bi. Sikudhani akasema yeye hataki taarifa, anataka kuona gololi zenyewe, ngapi na ukubwa gani. Tukafunua mazulia, tukainua mito. Hakukuwa na kitu, na mfagizi alikiri kwamba zimepita siku tatu tangu aone chochote, na kwa sungura siku tatu ni kama mwaka.

Basi mama akatueleza, nami nayaandika kama alivyoyasema. Sungura hawezi kutapika kama paka. Anajilamba, anameza nywele, na kinachozisukuma nje ni nyasi kavu, ambazo ndizo zinazotakiwa kuwa chakula chake kutwa. Huyu hakuwa na nyasi, alikuwa na keki. Tumbo limejaa manyoya na sukari. Ngozi imevutwa na mafundo mpaka imewiva, maji ya waridi yameyakaza hayo mafundo yakawa kama magunia, na jua la humo ndani lingeweza kukausha dagaa. Anyolewe leo, ahamishiwe kivulini, apewe nyasi na maji, na waheshimiwa wote wabaki makwao.

"Mnamuua kwa heshima," akamalizia.

Profesa alimshukuru kwa mchango wake na kuomba uwekwe kwenye kiambatisho.

*

Nikaandika barua ya kuomba kibali cha kunyoa. Sijisifu, lakini ilikuwa barua nzuri. Ilipita ofisi kumi na nne na kurudi ikiwa na mihuri kumi na nne, yote ikisema ipelekwe ofisi inayofuata. Ofisi ya mwisho iliuliza iko wapi idhini ya mwenye manyoya. Bi. Sikudhani akachovya mguu wa sungura kwenye wino, akaukandamiza penye nafasi ya sahihi. Barua ikarudi tena: mwombaji ametumia mguu wa kushoto.

Siku zilikuwa zikienda. Nyasi kavu mama alizipata, alizifunga ndani ya mto wa mahameli zikapita getini kama vifaa vya sherehe, na maji alimpa kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Alimpa pia jina la nyumbani, Kidonge, na alikuwa akizungumza naye mchana kutwa habari za sokoni, nani kaolewa, nani kagombana na nani. Nami kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kuandika hali ya sungura kila saa. Maelekezo yalikuwa niandike "njema." Niliandika hivyo, nikawa naona haya.

Siku mbili kabla ya Sikukuu, Kidonge alilala ubavu. Masikio yalikuwa ya baridi na alikuwa akisaga meno kwa maumivu, kasauti kadogo sana ambako mtu asiyejua angedhani ni mende. Mimi si mtu wa kulia kazini, lakini nasema wazi kwamba nilihuzunika. Bi. Sikudhani alimtazama, akanitazama mimi. Ilikuwa saa nane mchana, wakati ambapo serikali yote hulala baada ya wali.

"Karani," akaniambia, "akifa na manyoya yake nitafungwa. Akipona bila manyoya nitafungwa vilevile. Sasa tumponye. Nitafutie mkasi."

Katika wizara nzima mkasi ulikuwa mmoja, nao ni ule wa dhahabu wa kukatia utepe, uliotumika kuzindulia daraja la Profesa. Ulihifadhiwa ndani ya kabati la kioo. Nilisimama mbele ya kabati lile kwa muda ambao sitautaja. Nilifikiria pensheni yangu, nikamfikiria mke wangu, nikafikiria mkasi ambao maishani mwake haukuwahi kukata kitu chenye faida. Nikaufungua mlango. Nilipofika kibandani nilivuta pazia, nikamshikia mama sungura.

Hakukata ovyo. Alipitisha mkasi bapa, karibu na ngozi, akiivuta ngozi kwa kidole ili asiichane, huku akinong'ona yale maneno yake ya sokoni. Mafundo yalikuwa yameshikana kiasi kwamba manyoya yote yalitoka kama kipande kimoja, mtu angedhani ni shati. Alipomaliza, juu ya zulia kulikuwa na Mtulivu wa Kwanza, mzima kabisa, mviringo, mweupe, wa fahari. Mapajani mwa mama kulikuwa na kijinyama chekundu cha ngozi na mbavu, kisichozidi mkate wa boflo.

Alikikanda tumbo kwa kidole gumba. Akakipa maji ya vuguvugu. Akakanda tena. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, na mimi sikuandika chochote kwenye daftari.

"Tazama," akasema hatimaye, sauti ya chini. "Moja."

Ilikuwa gololi moja, ngumu, yenye nywele zimejitokeza huku na huku. Nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na mbili, nimeandika ripoti za mafanikio nyingi kuliko umri wangu, na hilo ndilo tokeo la kwanza nililoliona kwa macho. Baada ya dakika chache ikaja ya pili. Kidonge akanyanyua kichwa, akavuta unyasi mmoja kutoka kwenye mto, akaanza kuutafuna kuanzia ncha.

Tukabaki na lile tatizo jingine, lililolala juu ya zulia. Bi. Sikudhani aliligeuza huku na huku. Akaniuliza kama mito ya serikali ina sufi ndani, nikamwambia inayo, ya daraja la kwanza. Alichomoa sindano kwenye kanga yake.

*

Asubuhi walikuja wakaguzi. Kidonge alikuwa ndani ya kapu la mama, chini ya mchicha. Juu ya mto wa mahameli alikaa Mtulivu wa Kwanza, ameshonwa vizuri tumboni, manyoya yamefunika mahali pa macho kama siku zote. Nilisimama mlangoni nikihesabu vidole vyangu.

Profesa Shomvi alimzunguka mara mbili. Alisema amenenepa. Alisema pia kwamba anaona ukomavu fulani ambao hapo nyuma haukuwapo. Daktari wa Ikulu alitia kipimo chake cha mapigo masikioni, akakiweka kifuani kwa Mtulivu wa Kwanza, akasikiliza kwa makini, akahamisha upande wa pili, akasikiliza tena. Nilimwona akimeza mate. Alitazama wajumbe wote walivyokuwa wakitabasamu, akayaangalia mageti ya Ikulu kwa mbali, akasema kwamba mapigo ya moyo yametulia kabisa. Akatia sahihi.

Bwana Mwinyipembe alikuja mwisho. Alinyoosha kidole kimoja, akambonyeza Mtulivu wa Kwanza ubavuni, akaona shimo likibaki. Akalisawazisha kwa kiganja. Kisha akamwuliza Bi. Sikudhani kama yuko tayari kwa kesho, mama akasema yuko tayari, na Bwana Mwinyipembe akaondoka na uso wake uleule. Jioni yule jirani wa mama alikuja getini, nami nikampa kapu pamoja na mchicha wake.

*

Sikukuu ilifana. Mizinga ishirini na moja ilipigwa, na farasi wawili wa polisi walikimbia, lakini Mtulivu wa Kwanza hakushtuka. Ndege za kivita zilipita chini mpaka kofia za mabalozi zikaruka. Hakushtuka. Profesa alisoma hotuba ya saa tatu, na watu elfu arobaini walishuhudia jinsi msikilizaji mmoja alivyoisikiliza yote bila kubadili mkao. Mtangazaji wa redio alilia hewani. Alisema, enyi wananchi, igeni.

Bi. Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya mto, askari mmoja kulia, mmoja kushoto. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nikaona Mkubwa Wetu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefanya lolote isipokuwa kupunga, anaunyoosha mkono kumpapasa sungura wake. Mkono ulipapasa mara moja. Ukapapasa mara ya pili. Halafu ukasimama palepale.

Akageuza shingo, akamtazama mama. Alivaa miwani nyeusi, hukuweza kujua macho yanasema nini. Askari wa kulia aliona yale, akasogea nusu hatua, mkono kwenye pingu. Mama alikuwa amefumbata mikono tumboni, na nikaona midomo yake inakwenda, nafikiri alikuwa akisali.

"Yuko wapi?" akauliza Mkubwa Wetu, kwa sauti ya kusikika na watu watatu tu.

"Yuko kwangu, baba."

"Hai?"

"Hai. Ngozi inambabuka kidogo mgongoni, lakini atapona. Anakula."

"Anakula nini?"

"Nyasi, baba. Na majani ya karoti akiwa na bahati."

Mkubwa Wetu alilifikiria jambo hilo. Gwaride la wanamgambo lilikuwa likipita, wanapiga miguu, wanapaza sauti kwamba watakufa kwa ajili yake. "Na watu hawaji kumwangalia?" akauliza.

"Nani aje? Yuko uani nyuma ya banda la kuku."

Aliondoa mkono kwenye manyoya, akaurudisha hewani, akaendelea kupunga. Askari akarudi nusu hatua yake. Jioni hiyo Mtulivu wa Kwanza alivishwa Nishani ya Utulivu, na Bi. Sikudhani akapewa cheti na ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilimsindikiza mpaka getini. Alipofika nje alikaa kwenye ukingo wa mtaro na kucheka mpaka akatokwa na machozi.

*

Ningeweza kuishia hapo, ila vibarazani ndipo mnapokoroga mambo, kwa hiyo nimalize.

Kama wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, nilikuwa kwa Bi. Sikudhani. Huwa nakwenda, si kazi, napenda tu. Manyoya ya Kidonge yalikuwa yamerudi kama urefu wa kucha, na mama alikuwa akinifundisha kumchana bila kumvuta. Akaingia Bwana Mwinyipembe kwa miguu, bila king'ora, ameshika furushi kubwa kwapani. Alisalimia kwa adabu zake zote. Alisema amekuja kwa swali la kiufundi, nalo ni kwamba ile sufi ilikuwa kiasi gani, na mshono ulikuwa wa namna gani.

"Inategemea mnyama ni mkubwa kiasi gani," akasema mama.

Bwana Mwinyipembe akafungua furushi juu ya mkeka. Lilikuwa joho la Mkubwa Wetu, lile la sherehe, na nishani zake zote, na kofia, na miwani nyeusi.

Bi. Sikudhani alipima mabega ya joho kwa shibiri, akapima urefu, akasema kilo kumi zitatosha, ila kola washone mara mbili maana shingo ndiyo inayolegea. Halafu akauliza kile ambacho mimi nisingethubutu. "Na mwenyewe?"

Bwana Mwinyipembe akageuka kuelekea mlango wa ua. Pale alikuwa amesimama mzee mmoja mdogo, mdogo sana kuliko kwenye picha, amevaa fulana na kandambili. Alikuwa hamtazami mtu. Alikuwa akimtazama Kidonge anavyotafuna.

"Anauliza kama utakuwa na nafasi," akasema Bwana Mwinyipembe.

Mama hakumjibu yeye. Alimwita yule mzee karibu, akamtazama kwa muda, si kwa chuki na si kwa heshima, akamwuliza kama anajua kukata nyasi. Mzee akasema alijua zamani, kabla hajawa mtu. Akapewa mundu.

Tangu hapo nchi inakwenda vizuri, na sitaki mtu anibishie. Mkubwa Wetu anakaa ofisini kutwa, hasafiri, hakasiriki. Mawaziri wanasema siku hizi anawasikiliza. Walipompelekea swali kama yule kanali na yule daktari wa mifugo waachiwe, hakupinga, wakaachiwa kesho yake. Walipompelekea lile la kufuta Sheria ya Manyoya, hakupinga pia. Profesa Shomvi alimpelekea mpango wa daraja la pili, naye hakukubali, alikaa kimya wiki sita, mpaka Profesa mwenyewe akaona aibu akauondoa mezani.

Mwezi uliopita serikali ilitangaza kwamba Mkubwa Wetu atagombea tena. Nikaona ni adabu kumpelekea habari hizo yule mzee anayekata nyasi kwa Bi. Sikudhani. Nilimkuta ameinama, jasho linamtoka, sungura kumi na kitu wamemzunguka miguuni. Nikamwambia, nikamwuliza na yeye kura yake atampa nani.

Alinyooka, akaushika mgongo, akafikiri kwa muda kama mtu anayetaka kutenda haki. Akasema atampa huyu wa sasa, maana ni afadhali mara mia kuliko yule aliyemtangulia.